Kabla ya Mashine, Oda Ilikuja Kwetu

Fomu ya oda ilikuwa na visanduku. Somo. Kiwango: shule ya upili, digrii ya kwanza, uzamili. Idadi ya kurasa, na ukurasa mmoja maana yake ni maneno 275 yenye nafasi mbili kati ya mistari. Mtindo wa kunukuu: APA, MLA, Harvard ama Chicago. Vyanzo vingapi, na visiwe vya zamani kuliko miaka mitano. Dedlaini, ikihesabiwa kwa saa. Halafu chini kabisa kulikuwa na kisanduku kikubwa cha maelezo, na hapo ndipo ulipojua kama usiku wako utakuwa mfupi ama mrefu.

Kuna mteja aliyeandika mstari mmoja: nataka insha kuhusu umaskini mijini. Basi. Na kuna mteja aliyetuma noti za mhadhiri, mwongozo wa kusahihisha, insha yake ya muhula uliopita ili uige sauti yake, pamoja na ilani kwamba mhadhiri huyu hapendi utangulizi mrefu. Oda hizi mbili zililipa sawa, lakini kila mtu aliitaka ya pili. Ya kwanza ingeandikwa, irudishwe, iandikwe tena, na mwishowe mteja alalamike kwamba kazi ni ya juujuu. Sasa ingekosaje kuwa ya juujuu?

Mtaani tuliiita kuandika tu. "Unafanya nini siku hizi?" "Naandika." Na hakuna aliyedhani wewe ni malenga. Ilieleweka kwamba mahali fulani Marekani, Uingereza ama Australia kuna mwanafunzi analala, na wewe uko keja Roysambu, Juja ama Eldoret, laptopu juu ya mapaja, unamfanyia kazi ya chuo. Wengine walioandika walikuwa wanafunzi wenyewe. Wengine, kama mimi, karo ilikuwa imeshatuonyesha mlango.

Nimeanza na fomu hiyo kwa sababu siku hizi naulizwa sana jinsi ya kupata kitu cha maana kutoka kwa akili unde. Watu wanalipia ChatGPT, wanajaribu Claude na Gemini, wanatengeneza picha na Midjourney, halafu wanapata maandishi yanayofanana na hotuba ya mbunge: maneno mengi, hakuna cha kushika. Wanauliza kama kuna maneno ya siri. Jibu langu ni kwamba hakuna siri, kuna historia, na sehemu ya historia hiyo imepitia kwetu. Mashine imerithi kazi ya mwandishi wa oda. Na ukimpa mwandishi wa oda mstari mmoja, utapata insha ya mstari mmoja iliyopigwa pampu mpaka ijaze kurasa tano.

Hata kabla ya intaneti kulikuwa na kazi hii ya kumwandikia mtu. Katika miji ya wakati wa mkoloni, na miaka mingi baadaye, karani wa barua alikaa karibu na posta na meza yake, kalamu ama taipureta, akiwaandikia wale ambao hawakusoma. Kibarua alikuja na shida yake: mwambie mke wangu nyumbani auze mbuzi mmoja, mwambie karani wa kazi mshahara wangu haujatimia. Aliyejua kueleza alipata barua inayosema jambo lake. Aliyejikuna kichwa akasema "wewe andika tu, unajua" alipata salamu. Salamu nyingi kama mchanga wa bahari, sisi huku ni wazima, hofu ni kwenu ninyi mlio mbali. Karani hakuwa mwizi. Mteja aliponyamaza, yeye alijaza na kile ambacho barua zote huwa nacho.

Shikilia hapo kwenye salamu, tutazirudia.

Kilicholeta oda za ng'ambo mpaka keja zetu ni nyaya chini ya bahari. Kabla ya 2009 Kenya ilipata intaneti kupitia setilaiti, ghali na polepole, na wengi tuliijua kupitia saiba, bob moja kwa dakika, jicho moja kwenye skrini na lingine kwenye saa. Mwaka huo wa 2009 waya wa TEAMS ulifika Mombasa kutoka Fujairah, na wa SEACOM ukaanza kazi mwezi Julai. Mwaka uliofuata ukaja EASSy. Bei ikashuka, kasi ikapanda, na nchi iliyokuwa na vijana wengi wenye vyeti na Kiingereza kizuri lakini bila ajira ikaunganishwa na vyuo vya watu walio na pesa lakini hawana muda, ama hamu. Kufikia Septemba 2019 jambo hili lilikuwa limekua mpaka gazeti la New York Times likaandika habari ndefu kuhusu Wakenya wanaowaandikia wanafunzi wa Marekani. Australia ilipitisha sheria dhidi ya biashara hiyo 2020, na Uingereza ikafuata 2022.

Lakini sheria hazikuiua. Kilichoiua, ama tuseme kilichoikata miguu, kilitoka tarehe 30 Novemba 2022 na kilikuwa cha bure. ChatGPT ilipata watumiaji milioni moja kwa siku tano. Mwezi Mei uliofuata kampuni ya Chegg ya Marekani, ambayo huuza msaada wa masomo kwa wanafunzi, ilikiri kwamba ChatGPT inawazuia wateja wapya kujisajili, na hisa zake zikapoteza karibu nusu ya bei kwa siku moja. Huku kwetu hakukuwa na hisa za kuanguka. Akaunti tu ilikaa kimya. Unaifungua asubuhi, unaifungua jioni, hakuna oda.

Watu wengi hudhani mashine hizi zilizaliwa zikijua kujibu. Hapana. GPT-3, iliyotoka 2020 na vigezo bilioni 175, haikuwa na adabu hiyo. Ilikuwa imesoma maandishi mengi mno ya intaneti, na karibu asilimia 93 ya maneno hayo yalikuwa ya Kiingereza, na ilijua jambo moja: nikiona maneno haya, maneno yapi hufuata? Ukiiandikia "Eleza sababu za vita vya Maji Maji," ingeweza kuendelea na "Eleza sababu za Vita vya Kwanza vya Dunia," kwa maana mahali ilikosoma, swali la mtihani hufuatwa na swali lingine la mtihani. Haikuwa ujinga. Ndivyo karatasi za mtihani zilivyo.

Waliotengeneza GPT-3 waligundua njia ya kuishika, na wakaiweka mpaka kwenye kichwa cha ripoti yao: modeli hizi hujifunza kwa mifano michache. Badala ya kuiambia unachotaka, iwekee mifano miwili mitatu ya swali na jibu lake, halafu uweke swali lako mwisho. Itaona mtindo na kuufuata. Hiyo ni ile insha ya muhula uliopita ambayo mteja mzuri alikutumia ili uige sauti yake. Miaka imepita, modeli zimebadilika, na bado sijaona ushauri unaoishinda. Unataka maelezo ya bidhaa za duka lako la Instagram? Weka matatu uliyoandika mwenyewe na ukayapenda, kisha uombe la nne. Maneno kama "iwe poa, iwe ya kitaalamu" hayana uzito mbele ya mfano mmoja.

Adabu ya kujibu ilikuja 2022. OpenAI walichukua wafanyakazi wa mkataba wapatao 40, wakawapa kazi ya kuandika majibu mazuri ya maswali na kupanga majibu ya mashine kutoka bora hadi mbaya. Mashine ikafunzwa kufuata chaguo zao. Matokeo yaliwashangaza: modeli ndogo yenye vigezo bilioni 1.3, iliyofunzwa hivyo, ilipendwa na wapimaji kuliko GPT-3 yenye bilioni 175. Zaidi ya mara mia moja kwa ukubwa, na kubwa ikashindwa. Kilicholeta tofauti kilikuwa watu, wale waliokaa na kusema hili ni jibu, hili si jibu.

Kazi nyingine ya watu ilifanyika hapa Nairobi, na haikuwa safi hivyo. Mwezi Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba OpenAI ilikuwa imeingia mikataba na kampuni ya Sama, ambapo wafanyakazi wa Kenya walisoma vifungu vya maandishi machafu, dhuluma kwa watoto, mauaji, mateso, na kuvitia alama ili mashine ijifunze kuvitambua. Malipo yaliyofika mkononi, kwa mujibu wa ripoti hiyo, yalikuwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Sama ilivunja kazi hiyo Februari 2022, miezi minane kabla ya wakati uliopangwa. Tarehe 1 Mei 2023 wafanyakazi wa kazi za aina hii, wakiwemo waliosafisha mitandao ya kijamii, walikutana Nairobi na kupiga kura ya kuunda chama chao. Ukiona mashine inakujibu kwa upole bila matusi, ujue kuna mtu aliyapokea matusi hayo kwanza. Pengine mlipanda matatu moja.

Mafunzo haya ya kupangiwa majibu yana kasoro yake, na inakugharimu usipoijua. Mashine iliyofunzwa kwa kupendwa hujifunza kupendeza. Aprili 2025 OpenAI walitoa toleo la GPT-4o lililokuwa limezidisha sifa mpaka watu wakaudhika. Ulikuwa ukileta wazo la kipuuzi, linaitwa la kipekee. Waliliondoa baada ya siku chache. Lakini kiasi kidogo cha tabia hiyo kimo ndani ya zote. Kwa hivyo usiulize "hii hadithi yangu iko aje?" Utaambiwa iko sawa kabisa, na utalala vizuri na hadithi mbovu. Uliza kama mhariri asiyekujua: hapa msomaji atachoka wapi? Sentensi zipi tatu zinaweza kutolewa bila hasara? Ama usiseme ni yako. Sema umeipokea kutoka kwa mtu na unatakiwa kuamua kama itachapishwa. Utashangaa jinsi ulimi unavyobadilika.

Kuna kasoro nyingine ambayo wasee wa oda tuliitambua mara moja, kwa sababu ni jamaa yetu. Vyanzo vya kubuni. Juni 2023, huko New York, mawakili walitozwa faini ya dola 5,000 na jaji P. Kevin Castel kwa kuwasilisha kortini kesi ambazo hazikuwahi kutokea, katika shauri dhidi ya shirika la ndege la Avianca. ChatGPT ilikuwa imezitunga, na majina na tarehe, zikasomeka kama kesi halisi. Sasa, saa tisa usiku, dedlaini saa kumi na mbili, oda inataka vyanzo kumi na umepata saba, si siri kwamba katika ile biashara yetu kuna vyanzo vilivyozaliwa alfajiri. Tofauti ni kwamba mwandishi alijua amebuni. Mashine haina pa kujulia. Kwake jina la kesi ni maneno yanayofuata maneno, kama zile salamu za karani.

Hapa ndipo salamu zinaporudi. Mahali uliponyamaza, mashine hujaza na kile ambacho maandishi ya aina hiyo huwa nacho. Barua ya kuomba kazi huwa na "nina ari ya kufanya kazi na timu". Insha ya historia huwa na tanbihi. Basi itaweka ari, na itaweka tanbihi, ziwepo zisiwepo. Dawa yake si kuiambia "usidanganye". Dawa ni kuipa karatasi zenyewe. Weka PDF, weka noti zako, weka rekodi ya mahojiano iliyoandikwa, kisha sema: tumia hizi tu, na ukikosa jibu humu sema hakuna. Siku hizi nyingi zinaweza kutafuta kwenye wavuti na kukuletea viungo, na hiyo imesaidia kweli. Fungua viungo. Nimekutana na kiungo halisi chenye makala halisi isiyosema kabisa kile nilichoambiwa inasema.

Tuje kwa maneno ya uchawi, kwa sababu ndiyo yanayouzwa. Utayaona kwenye TikTok: maagizo mia moja yatakayobadilisha maisha yako, lipa kwa M-Pesa. Baadhi yalikuwa na ukweli siku zake. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Tokyo na Google walionyesha kwamba ukiongeza sentensi moja tu, inayosema tufikirie hatua kwa hatua, modeli iliyopata asilimia 17.7 katika jaribio fulani la hesabu ilipanda hadi asilimia 78.7. Sentensi moja! Usishangae watu kuanza kuiabudu. Lakini Septemba 2024 zilianza kutoka modeli zinazofikiri hatua kwa hatua zenyewe kabla ya kujibu, na leo kuziandikia sentensi hiyo ni kama kumkumbusha dereva wa matatu apige honi. Hirizi hupitwa na wakati. Fomu ya oda haijapitwa: ni ya nani, ya nini, ndefu kiasi gani, kwa sauti ipi, kutoka vyanzo vipi, na ni kitu gani msomaji huyu hataki kukiona.

Pesa sasa. Mashine hazisomi maneno kama sisi. Huyakata vipande vinavyoitwa tokeni, na tokeni ndizo zinazolipiwa. Mkenya haitaji kuelezwa tokeni. Unanunua, unazitazama zikipungua kwenye mita, unazima hita. Njia maarufu ya kukata inatokana na mbinu ya kubana mafaili iliyochapishwa na Philip Gage mwaka 1994 katika jarida la waandishi wa programu: tafuta herufi mbili zinazoandamana mara nyingi, zifanye kitu kimoja, rudia. Zaidi ya miaka 20 baadaye watafiti wa Edinburgh waliitumia kwenye tafsiri za mashine, na kutoka hapo ikaenea. Angalia matokeo yake. Vinavyoandamana mara nyingi kwenye intaneti ni vya Kiingereza, kwa hivyo neno la kawaida la Kiingereza mara nyingi huwa tokeni moja. Neno letu kama "hawakutuambia", lenye sentensi nzima tumboni, hukatwa vipande kadhaa. Jambo lilelile, kwa Kiswahili, hula tokeni nyingi zaidi. Watafiti walilipima tatizo hili katika lugha nyingi mwaka 2023, na matoleo mapya yamelipunguza, lakini halijaisha. Ni kama mita yetu iliundwa ikimbie.

Sisemi uache Kiswahili. Nasema ujue unachokilipia. Ukitumia toleo la bure, tokeni ndizo zinazofanya uambiwe umefika kikomo, rudi baadaye. Na kuna jambo ambalo watumiaji wengi hawalijui: kila unapotuma ujumbe kwenye mazungumzo, yale yote yaliyotangulia husomwa upya pamoja nao. Gumzo lako la wiki mbili, lenye CV, mapishi ya pilau na ugomvi wa mapenzi, linabebwa lote kila unapouliza swali jipya. Si gharama tu. Watafiti walionyesha 2023 kwamba modeli hushika vizuri kilicho mwanzoni na mwishoni mwa maandishi marefu kuliko kilicho katikati. Kwa hivyo kazi mpya, gumzo jipya. Na sharti lako muhimu liweke juu kabisa ama chini kabisa, si kifuani mwa aya ya saba. Ikianza kupotea, usigombane nayo kwa ujumbe kumi na tano. Rudi kwa agizo lako la kwanza, lirekebishe, anza upya. Kwenye oda tuliita hiyo kuokoa usiku.

Kuhusu ile dola 20 ya mwezi, bei iliyoanza na ChatGPT Plus Februari 2023: ni kama shilingi 2,600 kwa bei ya dola ya karibuni, kabla ya kodi. Kwa mtu anayeishi Nairobi kwa kazi za kuokota, hiyo ni stima na maji na kitu cha juu. Maoni yangu ni kwamba usilipie kwa sababu wengine wanalipia. Maliza ya bure kwanza, za kampuni mbili tatu tofauti. Lipa mwezi una kazi itakayoirudisha hiyo pesa, halafu ghairi siku hiyohiyo uliyolipa. Huduma hizi huendelea mpaka mwezi uishe. Mwezi wa ukame, kaa bure.

Picha zina historia yake, na mimi naipenda zaidi kwa sababu inachekesha. Ili mashine ijue neno "mbuzi" linafanana na nini, ilihitaji picha nyingi zilizoandikwa chini yake. Zilitoka wapi? Kwenye kurasa za wavuti, nyuma ya picha, huwa kuna maelezo mafupi yaliyofichwa, yaliyokusudiwa kwanza kuwasaidia wasioona, ambao kompyuta huwasomea. Wenye maduka nao wakayatumia kuvutia injini za utafutaji. Mwaka 2021 OpenAI walitangaza CLIP, iliyofunzwa kwa jozi milioni 400 za picha na maandishi. Mwaka 2022 mkusanyiko wa LAION-5B ukatoa jozi bilioni 5.85, na kutoka humo ikafunzwa Stable Diffusion, iliyotoka Agosti mwaka huo. Kwa hivyo lugha ya kwanza ya mashine za picha haikuwa lugha ya mchoraji wala ya mshairi. Ilikuwa lugha ya mtu anayeuza viatu: kiatu cha ngozi, kahawia, mwanga wa asili, kinaonekana upande.

Ndiyo maana watu waliandika maagizo kama rosari, neno, koma, neno, koma. Ndiyo maana pia jina la mchoraji mmoja wa Poland, Greg Rutkowski, lilihesabiwa kwenye maagizo takriban mara 93,000 kufikia Septemba 2022. Kazi zake nyingi za mazimwi na mashujaa zilikuwa mtandaoni zikiwa na maelezo mazuri ya Kiingereza, mashine ikamshika vizuri. Hakuombwa. Hilo nalo ni deni, na sioni wa kulilipa. Mimi situmii jina la msanii aliye hai kwenye agizo. Ni kama kumwibia mtu wa mtaani kwako.

Stable Diffusion ya mwanzo ilisoma tokeni 77 pekee. Agizo lako likizidi hapo, mkia haukusomwa. Sasa piga hesabu ya Kiswahili na tokeni zake. Aliyeanza kwa kueleza hali ya hewa alikuta mhusika wake mkuu ameachwa stejini. Zana mpya zimeachana na hayo. DALL-E 3 ya 2023 ilifunzwa kwa maelezo marefu yaliyoandikwa na mashine nyingine, na ilikubali sentensi kamili, hata ililipanua agizo lako kabla ya kuchora. Kwa hivyo ile rosari ya koma nayo imezeeka. Kwa zana za sasa sema kama unamweleza mpigapicha kwa simu: nani yuko mbele, anafanya nini, yuko wapi, mwanga unatoka upande gani, kamera iko mbali kiasi gani.

Na hapa kimya huadhibiwa kuliko popote. Usiposema, mashine huweka salamu za picha. Andika "kijiji cha Afrika" na mara nyingi utapata nyasi, jua la machungwa, mtungi kichwani. Wale walioandika maelezo nyuma ya picha, wengi walikuwa watalii na wauzaji wa picha za watalii. Ukitaka Kayole, taja ghorofa za mawe zilizobanana, nguo zimeanikwa kwenye roshani, nyaya za stima zinapishana, tope baada ya mvua, bodaboda tatu chini ya mwavuli wa kampuni ya simu. Ukitaka leso, eleza pindo lake pana pande zote nne, mji wa katikati, na kisanduku cha maandishi upande wa chini. Jina la leso lenyewe liandike baadaye kwa programu ya kawaida. Zana za 2022 zilichora herufi kama za jini, na ingawa za sasa zinajitahidi, methali iliyokosewa herufi moja kwenye leso ni balaa lisilohitaji kuletwa nyumbani. Kama zana inaruhusu, iwekee picha yako mwenyewe iifuate. Ni ile insha ya muhula uliopita tena.

Haya yote tuliyajua kabla ya mashine, na hatukujua kwamba tunayajua. Miaka kumi na kitu, maelfu ya vijana wa nchi hii walisoma fomu za oda kila usiku, wakajifunza kutambua kwa mistari minne tu kama mteja anajua anachotaka. Hakuna cheti kilichotolewa. Rafiki yangu aliyeandika kwa miaka sita sasa anaandikia duka moja la samani matangazo na picha zake, kwa akili unde, na mwenye duka anadhani ana programu ya pekee. Hana. Ana faili la Word lenye visanduku vilevile: bidhaa, mnunuzi, urefu, sauti, mifano mitatu, mambo ya kuepuka. Aliufuta tu mstari wa APA.

Oda zenyewe zimeanza kurudi, kidogo, na zimebadilika. Insha inakuja ikiwa imeshaandikwa na mashine. Kisanduku cha maelezo kinasema: ipitie, uifanye isomeke kama imeandikwa na mtu. Bei kwa ukurasa imeshuka, dedlaini ni fupi, na ukurasa bado ni maneno 275. Unaifungua, unaanza kutoa salamu moja baada ya nyingine, na mara nyingi ukishamaliza kuzitoa inabaki nusu ukurasa. Hapo unamwandikia mteja kumuuliza swali ambalo angelijibu mwanzoni: wewe mwenyewe ulitaka kusema nini? Wengine hujibu.